Mshika Mikoba wa Siku ya Waslovaki

Siku ya Waslovaki, picnic ya kila Julai ya watu wa bonde letu wenye asili ya Slovakia, katika bustani ya michezo ya Maple Hollow, Irma Hudak hakimbilii foleni ya bembea kama watu wengine. Yeye hukimbilia meza. Geti likifunguliwa tu, mama mzima anayekaribia sitini anatimua mbio na kitambaa kwapani, anawapita watoto, anampita padri, mpaka kwenye banda lililo karibu na kidimbwi, na hapo anatandaza kitambaa chekundu cha marehemu mama yake. Kitambaa kikishalala, meza ni ya kina Hudak mpaka jioni. Hakuna palipoandikwa, lakini sisi wa bonde hili tunajua, na anayethubutu kusogeza kitambaa cha mwenzake atasemwa hata siku ya mazishi yake.

Meza ikishapatikana, anakabidhiwa Verna ailinde.

Verna ni mke wa Emil, kaka yake Irma. Ni mwanamke mnene kiasi, mcheshi, aliyestaafu mwaka huu baada ya kupikia watoto wa shule maisha yake yote ya kazi. Siku ya Waslovaki kazi yake ni moja: anakaa mezani na kulinda. Analinda sufuria la kabichi zilizoviringwa nyama, analinda soseji, analinda mkate wa njugu usiliwe kabla ya wakati. Zaidi ya yote analinda mikoba. Kila anayekwenda kupanda kitu humtupia kitu: mkoba, kofia, miwani, simu, sweta. Emil humkabidhi hata meno yake ya bandia, ameyafunga kwenye leso, maana mwaka mmoja Punda wa Kijivu alimtoa meno ya juu yakaishia kidimbwini kwa bata.

Huyo Punda ni rolakosta, treni ya michezo inayopandishwa vilima vya reli na kuachiwa ishuke kwa kasi. Ni ya mbao, kongwe, imepakwa chokaa kila mwaka na haijawahi kupendeza, na inapofika kwenye kona ya mwisho hurusha teke ambalo mtu hulisimulia mpaka Krismasi. Kina Hudak wote huipanda. Kwao ni kama ubatizo. Mtoto akifikia kimo kinachotakiwa hupelekwa pale huku anapigiwa makofi, na akitoka analia huambiwa analia kwa furaha.

Wote, isipokuwa Verna. "Verna hapandi," ndivyo wanavyosema, kama vile watu wanavyosema fulani hali samaki. Mkwe mpya akija, anatambulishwa: huyu ni Irma, ana mdomo, huyu ni Emil, hana meno, huyu ni Verna, hapandi.

Sasa, ukweli wa jambo hilo aliujua Verna peke yake. Mwaka alioolewa, kwenye picnic yake ya kwanza na ukoo huu, alikuwa na mimba changa ya Stevo. Mama mkwe wake, Bi Zuzana, alikuwa ametangaza mapema kwamba mimba haitajwi kabla haijaonekana, ikitajwa inavuta jicho baya. Basi walipomshika mkono kumpeleka kwa Punda, bibi harusi yule wa miaka ishirini alifanya nini? Hakuweza kusema kweli. Akasema la kwanza lililomjia: "Mimi naogopa." Wakacheka, wakampa mikoba.

Mwaka uliofuata alikuwa na mtoto wa kunyonya. Kisha akaja wa pili. Kisha Bi Zuzana akavimba miguu akahitaji mtu wa kukaa naye. Kisha nyonga ya Verna mwenyewe ikaanza kulalamika. Na miaka yote hiyo jina la woga lilikua, likapata mizizi, likawa sehemu ya picnic pamoja na soseji. Bi Zuzana alikufa, Stevo akaota mvi, na Verna hapandi.

Lililomkera si kuchekwa. Kuchekwa alikuzoea, na yeye mwenyewe alikuwa fundi wa kucheka wengine. Lililomkera lilimwanzia majira ya kuchipua, baada ya kuwekewa nyonga mpya na daktari kumwambia afanye atakalo. Alitoka hospitalini akiwaza, Basi mwaka huu nitapanda. Na papo hapo akajikuta anatafuta sababu ya kutopanda. Akashtuka. Alikuwa ameusema uongo ule kwa muda mrefu hata hakujua tena kama bado ni uongo. Huenda alikuwa mwoga kweli. Huenda walimtengeneza, na yeye akakubali kutengenezwa. Jambo hilo lilimnyima raha, na hakukuwa na mahali pa kulipatia jibu isipokuwa juu ya Punda.

Kwa hiyo alikuja na viatu vya kufunga kamba na nia moja.

Asubuhi alijaribu mara ya kwanza. Alisimama, akajifuta mikono, akafungua mdomo, Irma akamwekea mkoba begani. "Wifi, angalia na hii soseji, yule mjomba wa kina Ondrejka anaizungukia kama nzi." Na hao wakaenda.

Alijaribu tena bendi ya kodiani ilipoanza. Safari hii alikuwa amefika hatua kadhaa nje ya banda, mjukuu wake Kaylin akamkimbilia na simu, miwani na soda iliyofika nusu. "Bibi, nishikie, nakuja sasa hivi!" Kumbe "sasa hivi" ya Kaylin ilikuwa mpaka chakula cha mchana.

Wakala. Walikula sana, kama desturi. Baadaye wakaenda tena kwa Punda kushusha kabichi, na Verna akabaki na meno ya Emil, akitazama wingu jeusi likichungulia nyuma ya kilima. Pale kwetu radi ikisikika tu, kila kinachopaa kinasimamishwa. Verna alilijua hilo kama mpishi anavyojua maziwa yanayotaka kumwagika. Hofu mpya ikamshika, hofu ya kurudi nyumbani bila kujua.

Walirudi nywele zimesimama, mashavu mekundu.

"Wifi!" Irma alijibwaga kwenye benchi. "Leo Punda ana wazimu. Wewe ungezimia palepale mlangoni tukakubeba kama gunia la viazi."

"Mimi naenda kupanda," alisema Verna.

Wakacheka. Emil alicheka zaidi, na bila meno cheko lake lilikuwa la upepo mtupu. "Mama Stevo leo ana utani."

"Sina utani. Shika meno yako." Akayaweka mezani, kwenye leso yake, kando ya mkate wa njugu.

Kicheko kikapungua.

"We mama Stevo," Emil alianza kwa upole, akiyarudisha meno mahali pake. "Si unajua unaogopa? Tangu mwaka ule wa kwanza."

"Mwaka ule wa kwanza nilikuwa na mimba. Mama yako alinikataza kusema. Nikasema naogopa, mkanipa mikoba, na sijapumzika nayo mpaka leo."

Irma akawa anahesabu miezi kwa vidole, akaacha.

"Kwa hiyo wewe... hukuwahi kuogopa?" aliuliza.

"Sijui," alisema Verna. "Hilo ndilo nataka kulijua. Na nyie kila nikiinuka mnaniongezea mkoba."

"Bibi, nenda!" Kaylin alipiga meza. "Nenda sasa hivi, mvua inakuja!"

"Na mikoba nani atashika?" aliuliza mtu, na ukoo mzima wa Hudak ukatazamana kama watu walioambiwa kanisa limekosa kengele. Hakuna aliyewahi kulifikiria swali hilo. Mwishowe Emil akanyoosha mikono. "Nipeni mimi." Wakamrundikia mpaka akabaki kidevu.

Irma naye akasimama. Alisema lazima mtu amsindikize wifi, asije akafia mikononi mwa watu baki. Wakaenda wakiwa wameshikana mikono, mmoja akikazana kutembea mbele ya wingu na mwingine akiongea bila kituo. Foleni ilikuwa fupi. Kijana wa zamu aliangalia juu, akaangalia saa, akasema labda hii ndiyo safari ya mwisho.

"Tukae katikati," Irma alisema haraka. "Katikati pametulia, nyuma ndiko teke lenyewe."

Chuma kikashuka mapajani. Treni ikajivuta, mnyororo ukainasa kwa chini, na ikaanza kupanda kilima cha kwanza, kak-kak-kak, polepole mno. Verna aliona banda likididimia, akaona kitambaa chekundu, akamwona Emil kama rundo la mikoba lenye kofia juu. Akajikuta anatafuta kwa macho njia ya kushuka. Basi ni kweli, aliwaza. Basi mimi ni mwoga, na walikuwa sahihi. Machozi yalimkaribia.

Hapo ndipo Irma alipomkamata mkono. "Wifi," alinong'ona, na Irma hakuwahi kunong'ona maishani mwake. "Mimi kuanzia hapa huwa nafumba macho."

"Unafumba?"

"Kila mwaka. Tangu utotoni. Sijawahi kuona huko mbele kuna nini." Alikuwa mweupe kama unga. "Mama alisema Hudak haogopi. Nikimaliza natapika nyuma ya choo, halafu narudi nakutania wewe. Nisamehe, wifi."

Verna alimtazama. Shukrani ya punda ni mateke, na hapa palikuwa na mtu aliyekula mateke ya Punda huyu kwa zaidi ya miaka arobaini kwa ajili ya heshima. Kicheko kilianza tumboni mwa Verna, akashindwa kukizuia. "Nishike basi," alisema. "Nitakusimulia."

Na treni ikafika kileleni, ikasita kama inayotafakari dhambi zake, ikaanguka.

"Tunashuka!" Verna alipaza sauti. "Miti! Mto! Irma, kumbe mto unaonekana! Uwii! Kona inakuja, kona, shikilia, ko—" na Punda akawainua wote wawili kutoka kwenye kiti, akawarudisha kwa kishindo, na Verna akapiga ukelele ambao padri aliusikia akiwa bandani na kujua ni wa nani, kwa kuwa haukufanana na mwingine wowote. Aliogopa. Aliogopa kwa mwili wote, mpaka kwenye kucha, na hakuwahi kupenda kitu namna ile. Hakuna aliyemwambia kwamba vitu hivyo viwili hukaa kiti kimoja.

Treni ilipoingia kituoni alikuwa analia na kucheka, nywele zimemfunika uso. Irma aliteremka, akaelekea nyuma ya choo bila kuaga, akarudi amenawa uso, akaenda moja kwa moja kwa Emil na kumpokonya mikoba yote. "Mwakani na miaka yote ijayo, mikoba ni yangu," alitangaza. "Atakayeuliza sababu nitampiga na soseji."

Radi ikalia. Kijana wa zamu akaweka mnyororo mlangoni. Mvua ikashuka ya kumwagwa kwa ndoo, na watu wakaanza kufungasha sufuria. Verna hakufungasha kitu. Alirudi kwenye mlango wa Punda, akasimama mbele ya ule mnyororo, peke yake, maji yakimchuruzika mgongoni. Mvua za Julai hazikawii kukatika.

Emil akamfuata na mwavuli.

"Ningejua," alisema Emil, "ningeshika hiyo mikoba zamani."

"Hukuniuliza."

"Wewe ndiye uliyesema unaogopa."

"Nilisema siku moja, Emil. Miaka yote iliyobaki hukuniuliza."

Hakuwa na hasira, na ndiyo maana neno lilimwingia. Emil aliitazama mbao iliyolowa, akatazama viatu vyake. Kisha akaukunja ule mwavuli, maana ulikuwa mdogo na uliwafunika wote nusunusu tu, akaja akasimama kwenye foleni nyuma ya mkewe, mahali pa pili.

"Basi nakuuliza," alisema. "Tukae mbele au nyuma?"

Verna alifikiria. Ilikuwa raha kufikiria, akachukua muda wake.

"Nyuma kabisa," alisema.