Ngoma Kubwa Moja kwa Kila Bendi

Nilifutwa kazi ya kufukuza ndege. Wacha niseme hiyo mapema, ndiyo ukiendelea kusoma ujue unasoma mtu wa namna gani. Si kazi ya gereji, si kazi ya ofisi. Ni ile ya kusimama katikati ya ngano na debe bovu shingoni, unapiga kelele ndege wasitue. Upande wangu wa kulia kulikuwa na msichana mdogo, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota, anafanya kazi hiyo hiyo. Yeye hakufutwa. Mimi nilikuwa nimetumikia jeshi miaka saba, nikafutwa.

Ningefutwa peke yangu ningekuwa nacheka mpaka leo. Lakini nilifutwa pamoja na nyumba ya baba yangu.

Nilizaliwa kwa shamba la ngano la mzungu, mbele ya Njoro. Baba alikuwa mtu wa maksai, anawaswaga wakivuta plau na mkokoteni. Sheria ya pale ilikuwa rahisi, hata mtoto aliijua: utajenga nyumba, utalima kipande chako cha mahindi, utachunga ng'ombe zako chache, bora tu kwa nyumba yako kuwe na mtu mwenye nguvu anayemfanyia bwana kazi. Siku mtu huyo anakosekana, unabeba sufuria zako unaenda. Kwa hiyo kijana akianza kuota ndevu, nyapara alikuwa anamwangalia vile mtu anaangalia ndama atakayefanywa maksai.

Mimi sikutaka kuangaliwa hivyo. Shule ya misheni nilikuwa nimeiacha. Kujumlisha, kutoa na kuzidisha nilimaliza; kugawanya niliacha katikati, na mpaka leo kitu kikigawanywa mimi napata kidogo. Mlango uliobaki ulikuwa jeshi.

Na hilo jeshi nililiona mara ya kwanza kwa maonyesho ya wakulima hapo Nakuru. Sisi tulikuwa tunasimama nyuma ya kamba, wazungu wanakaa kwa viti chini ya hema. Bendi ikaingia uwanjani. Mbele kidogo kulikuwa na jamaa mmoja mrefu, tarabushi kichwani, ngozi ya chui kifuani, ngoma kubwa kama pipa juu ya tumbo. Akirusha mkono wa kulia, akirusha wa kushoto, bumu, bumu. Wazungu wakanyamaza, vikombe vya chai hewani. Nilikuwa sijawahi kuona Mwafrika mwenzangu akinyamazisha wazungu bila kufa. Nikasema kazi ni hiyo.

Nilienda kuandikwa pamoja na rafiki yangu, tuliyezaliwa naye kwa shamba lile lile, nyumba zao na zetu zinaangaliana. Asubuhi ya kutoka, baba alikuwa anafunga maksai. Hakunipa maneno mengi, wala baraka ndefu.

"Uombe kazi ya gari," alisema. "Gari hata huku nje ziko."

Tukapigwa kwata miezi mingi, tukawa askari. Halafu ikaja siku ya kugawiwa kazi. Sajini alisimama mbele yetu, anasoma majina: hawa wataenda kwa simu, hawa hospitali, hawa jikoni, hawa kwa madereva. Udereva ulikuwa umebaki nafasi moja, na jina lililosomwa lilikuwa langu. Rafiki yangu alikuwa nyuma yangu, alishaanza kusukumwa upande wa jikoni. Hapo sajini akauliza, bila kutilia maanani, kama kuna mtu mrefu mwenye kifua kipana, kwa maana bendi imekosa mtu wa ngoma kubwa.

Nilitoka kwa mstari kabla hajafunga mdomo. Akaniuliza kama nimewahi kupiga ngoma. Nikamwambia sijapiga, lakini nyumbani na shuleni nimepigwa sana, kwa hivyo naijua kazi kutoka upande wa ngoma. Kikosi kizima kikacheka, sajini mwenyewe akageuza uso. Nikapewa bendi. Kile kiti cha dereva akapewa aliyekuwa nyuma yangu, yaani rafiki yangu.

Nilingoja aniambie asante. Hakusema. Aliniangalia mara moja, halafu akainama anafunga kamba za buti ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Kwa miaka yote iliyofuata nilikuwa namtania mbele ya watu: muone huyu, nimempa gari la serikali bure na asante imemshinda. Yeye anatabasamu tu, anapanda lori lake, anaenda.

Siwezi kudanganya, miaka ya ngoma ilikuwa mizuri. Ile ngozi ya chui ilikuwa inanuka, na wadudu walikuwa wameila karibu na mkia, lakini ukiwa mbali hujui, na watu wote walikuwa mbali. Mkuu wa bendi, mzungu, alinishika bega siku moja akasema ngoma kubwa ndiyo moyo wa jeshi, na mtu mwenye ujuzi kama huo hawezi kulala njaa. Nilimwamini kwa sababu alisema akiniangalia machoni. Wapiga tarumbeta walikuwa wanafundishwa kusoma zile alama za muziki. Mimi niliambiwa sina haja. Nilifundishwa kitu kimoja: mguu wa kushoto ukigusa chini, piga. Nikakijua hicho kitu vizuri kuliko jina langu. Nikawa nakula kwa hesabu, nanyoa ndevu kwa hesabu.

Wakati wa hali ya hatari, serikali ikipigana na watu wa msituni, bendi iliweka vyombo chini, tukapewa machela, tukaingia msituni kubeba watu. Hayo siandiki. Hakuna pahali mtu anaweza kuchekea.

Halafu jeshi likaniambia kwaheri. Nikapewa koti, blanketi, na cheti kinachosema tabia yangu ni nzuri sana na kazi yangu ni ngoma.

Nilizunguka Nakuru mpaka mbwa wa mjini wakanizoea. Kwa gereji moja Mhindi aliniuliza najua nini. Nikamwambia ngoma. Akamwita ndugu yake aliyekuwa chini ya gari, atoke aje asikie mwenyewe. Kwa kiwanda cha unga waliniuliza, kwa hoteli waliniuliza, hata kwa duka la kushona nguo, na kila mahali neno langu lilikuwa moja. Wenzangu wa jeshi walishaingia kazini. Aliyefundishwa kufunga vidonda alikuwa kwa zahanati. Wa simu alikuwa posta. Hata yule tuliyemcheka kwa kuchimba vyoo vya kambi alikuwa anachimba vya mji, na mshahara anapokea.

Nikafikiria bendi zingine. Polisi wana bendi, magereza wana bendi. Nilienda kwa miguu, nikauliza kwa heshima. Hapo ndipo nilielewa hesabu ambayo ningepaswa kufanya ile siku ya sajini, lakini ilikuwa ya kugawanya. Lori jeshini ni nyingi, na nje ni nyingi zaidi. Tarumbeta kwa bendi moja ni nyingi. Lakini ngoma kubwa ni moja kwa kila bendi. Nchi nzima unaweza kuhesabu kwa mkono, na kila moja ina mwenyewe, na mwenyewe ana afya nzuri, anakula nyama ya serikali. Ujuzi wangu ulihitaji mtu afe kwanza. Nilimwona yule wa polisi akifanya mazoezi. Alikuwa kijana kuliko mimi.

Nikiwa bado nazunguka, habari ikanifikia kwamba baba ameumia mgongo. Maksai walimburuta. Bwana alikuwa amemwambia akae mpaka ngano iishe kuvunwa. Kama kufikia hapo nyumba yake haina mtu wa kazi, atoke na ng'ombe zake. Nikarudi. Miaka saba ya kukimbia, na nilirudi kwa njia ile ile, nimevaa koti la jeshi.

Nyapara alinipokea kwa furaha ambayo haikuwa nzuri. Alisema kazi iliyoko sasa ni ya ndege. Nikiifanya vizuri mpaka mavuno, nitaandikwa kibarua wa kudumu, na mzee atabaki kwa nyumba yake. Ndiyo hivyo. Baba abaki au asibaki, ilikuwa juu ya ndege.

Ngano ikiwa changa, ukiifinya inatoa maziwa, na wale ndege wadogo wenye mdomo mwekundu wanayataka hayo maziwa. Wanakuja kama wingu, wakitua unasikia mlio kama mvua. Kila mtoto wa shamba alipewa kipande chake na debe lake. Na mimi nikapewa changu. Nikafunga kamba shingoni, debe likakaa juu ya tumbo pale pale ngoma ilikuwa inakaa, nikanyoosha kifua, nikaanza. Walionipita njiani walisimama kusikiliza. Baba alikuwa anatazama kutoka mlangoni kwake, amekalia kigogo. Sikutaka kujua anafikiria nini.

Baada ya siku chache vipande vya watoto vilikuwa vizima. Changu kilikuwa kimenyolewa.

"Afande," nyapara akaniambia, "ndege wako wamenona. Unawafuga?"

Nikaongeza nguvu. Debe likatoboka, nikapewa lingine. Ndege wakazidi.

Rafiki yangu alikuja na lori la kampuni moja ya Nakuru, analeta magunia matupu ya kuvunia. Nilimwona kutoka mbali nikachuchumaa ndani ya ngano, lakini mtu wa urefu wangu akichuchumaa anaonekana tu kama mtu mrefu aliyechuchumaa. Alipanda juu ya magunia, akawasha sigara, akanitazama nikifanya kazi mpaka sigara ikaisha. Nilijua anakuja kunicheka. Akashuka, akapita katikati ya ngano mpaka nilipokuwa, na hakucheka.

"Wewe mtu wa bendi, unapiga kwa hesabu," alisema. "Hao ndege wameijua. Unapiga wanaruka kidogo, ukivuta mkono wanakula. Angalia huyo msichana. Yeye mwenyewe hajui atapiga saa ngapi. Ndege watajuaje?"

Aliniambia nipige vibaya. Basi.

Jaribu wewe kupiga vibaya baada ya miaka saba. Nilifunga macho. Nilirukia mguu mmoja. Nilipiga kwa jiwe, kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto. Yule msichana alikuja kunifundisha, na alikuwa mwalimu mkali kuliko sajini. Ananiambia piga kama umekasirika, hapana, sasa kama umeona nyoka. Inakubali kidogo, halafu mkono unarudi wenyewe, kushoto, kushoto, na mguu unaufuata. Na siku moja nikageuka nikakuta msichana yuko nyuma yangu anatembea kwa hesabu yangu, na nyuma yake ndugu yake, na nyuma yake watoto wa vipande vyote, mstari mmoja ulionyooka, madebe yote yanalia pamoja. Nikasahau. Mungu anisamehe, nikasahau niko wapi. Nikainua mkono juu kama zamani, nikawapitisha kando ya ngano, tukageuka kulia bila mtu kukosea hatua. Ilikuwa bendi nzuri.

Ndege walikuwa wametua shamba zima.

Bwana alikuwa amesimamisha gari lake pale barabarani. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Hakupiga kelele, alikuwa anacheka, ameshika mlango wa gari, machozi yanamtoka. Alipomaliza kucheka akapangusa uso, akamwambia nyapara kwa Kiswahili chao kile cha shamba kwamba huyu mzee na watu wake, toka. Akaenda.

Baba alifungua zizi. Ng'ombe ziliuzwa haraka, kwa yeyote aliyekuja. Shangazi yangu alikuwa Keringet, kwa shamba la pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, akatuma neno kwamba wanatafuta mikono ya kuchuma. Rafiki yangu ndiye alikuja kutubeba. Sijui aliwaambia nini matajiri wake. Baba akakaa mbele karibu na yeye, na mimi nikakaa nyuma na kitanda, sufuria na kuku.

Tulipita Elburgon, tukaanza kupanda, na kabla ya Molo maji yakachemka. Lori likasimama. Baba alikuwa amelala, kichwa kwa kioo, au alijifanya. Rafiki yangu akafungua boneti, nami nikashuka na mtungi wa maji. Kulikuwa na baridi. Nikamwambia pareto ndege hawali, nafikiri huko nitapandishwa cheo. Akafungua kifuniko cha maji. Nikamwambia basi leo, tukiwa wawili, aseme ile asante yangu ya kiti cha dereva, tumalize.

Alimwaga maji polepole mpaka mtungi ukaisha. Akafunga kifuniko, akapangusa mikono kwa suruali.

"Siku ile nilitaka kukuambia asante," alisema. "Nikaogopa. Niliona nikisema asante, utaamka, ukitake kiti chako."