Nilivyoposa Nyumba ya Watu Lushoto Mjini

Jambo hili bado linanichoma, na nikisikia vigelegele hata vya redioni natafuta pa kuficha uso, lakini kwa kuwa wenzangu wa kazini wameshalisimulia mpaka kwa mlinzi wa getini, bora mlisikie kwangu mwenyewe.

Nilikuwa nimekuja likizo nyumbani Gare, na bosi wangu, Mama Tesha, akaja na wenzetu wawili kutoka Dar kuona milima. Pale mjini kijana mmoja anayetembeza wageni akatuomba atuzungushe mitaa ya zamani kwa miguu. Nikamwambia, "Kaka, mimi mwenyeji." (Mwenyeji! Mtu niliyeondoka Lushoto darasa la tano.)

Basi nikaongoza. Kila jengo lenye ukuta mnene nikalipa Mjerumani wake: huyu alikuwa hakimu, huyu daktari, huyu alifuga farasi, yote nayatunga nikitembea, na Mama Tesha anaandika kwenye daftari, jambo lililonipa kichwa zaidi. Tukafika kwenye nyumba kubwa ya matofali mekundu, dohani juu, mlango wazi, viti vimepangwa barazani. Nikasema, "Hii ndiyo yenyewe, aliishi gavana," nikaingia uani bila hata kupiga hodi.

Vigelegele vikalipuka.

"Karibuni jamani, mmechelewa!" akasema mama mmoja wa makamo, akatukalisha, na kabla hatujapumua soda zimefika na sahani za pilau. Nikawanong'oneza wenzangu kwamba Wasambaa ndivyo tulivyo, tunapokea wageni. Mama Tesha akaniangalia kwa heshima ambayo ofisini sijawahi kuiona.

Mwenye nyumba, mzee mpole wa kanzu nyeupe, akakohoa. "Haya wageni wetu, semeni kilichowaleta."

Nikasimama. "Shikamoo mzee. Sisi tumepita njiani, tumeona kitu kizuri humu kwako, tukashindwa kuendelea. Ni cha zamani kidogo, ndiyo, lakini bado kimesimama imara, na wenzangu hawa wangependa kukizunguka na kukipiga picha."

Nyuma ya pazia mtu akapiga yowe. Yule mama wa makamo (kumbe shangazi mtu) akafunga kanga kiunoni. "Cha zamani? Mtoto ana miaka ishirini na minne!"

Nikacheka, Mungu anisamehe, nikajibu kwa uhakika wa kitaalamu: "Mama, hiki hakipungui miaka mia."

Wakati huohuo wakaingia wanaume watano wa kanzu na kofia, wamekuja kutoka Mombo, mmoja ameshika barua iliyofungwa kwenye leso. Wakatuona na sahani zetu. Mkubwa wao akasema taratibu, "Mzee, kama umeshapokea posa nyingine ungetuambia, tusingepanda mlima," na wakageuka kuondoka. Ndani binti akaanza kulia, na kilio chake kilinitoa jasho, maana huyo alikuwa anaachwa kwa sababu ya mdomo wangu.

Nikakimbia mpaka njiani, nikapiga magoti mbele yao kwenye vumbi, mkononi bado nimeshika paja la kuku. "Wazee wangu, mimi sikuja kuposa, nimekuja kutazama nyumba! Niliyoiita ya miaka mia ni nyumba!"

Wakatazamana. Mkubwa wao akaangalia dohani, akaniangalia mimi, akaangalia lile paja, halafu akacheka mpaka akashikwa mkono na wenzake. Wakarudi ndani. Binti akatoka kidogo pazia likiwa usoni, kunitazama tu mjinga mwenyewe anafananaje.

Mimi nikadhani yameisha. Mama Tesha akafungua daftari, akamuuliza mzee gavana aliishi chumba gani.

"Gavana gani? Nyumba hii kajenga babu yangu. Alikuwa fundi mwashi, matofali kachoma mwenyewe hapo bondeni." Akageukia kwangu. "Kwani hukuuliza?"

Mama Tesha akachukua kalamu, akakata mstari ukurasa mzima, halafu ukurasa uliotangulia, bila kunitazama.

Jioni nafika Gare, mama yangu kakaa kizingitini, hakunipa hata pole ya safari. "Nasikia umeposa mjini. Wazazi wako tumekufa?"

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza nyumba hii ya nani, napiga hodi, naamkia, nangoja nijibiwe na mwenyewe. Na chakula sili mpaka niulize kwanza ni cha shughuli gani.