Mbwa wa Krismasi Aliyeongea Kiarabu

Sebule yangu ya Kitengela ni kubwa kuliko darasa nililosomea, na runinga iliyomo huwafanya wageni wasahau chai yao. Nasema hivyo bila haya kwa sababu hakuna aliyenishika mkono. Karo ya diploma yangu ya umeme niliilipa kwa kubeba saruji. Nilienda Doha nikiwa fundi wa kawaida, nikarudi nikiwa nimewasimamia mafundi wa mataifa ambayo hata majina yake yalinishinda kutamka. Binti yetu alizaliwa huko. Na ni huko tulikoanza desturi yetu ya Krismasi: sisi watatu kwenye kochi moja, katuni moja baada ya nyingine, hadi bisi ziishe kwenye bakuli.

Krismasi ya kwanza baada ya kurudi tuliipeleka kwa mama yangu, nje kidogo ya mji wa Kajiado. Binti, aliyekuwa na miaka minane, alikuwa amemwona koko wake, yaani nyanya yake, kwenye simu tu. Tulipofika alijificha nyuma ya mama yake. Koko akimkaribia, yeye anaingia garini na kufunga mlango.

Siku ya Krismasi, tukitoka kanisani, mama aliniambia kwa Kimaasai, bila kunitazama, "Kesho mnaenda. Huyu mtoto atarudi kwako akiwajua mbuzi wangu kuliko anavyonijua mimi."

Yaliniuma. Lakini mimi si mtu wa kukaa na tatizo. Baada ya chakula niliziba madirisha kwa mablanketi, nikatundika shiti nyeupe ukutani, nikaunganisha projekta yangu na betri ya sola ambayo mimi mwenyewe nilimwekea mama. Wapwa zangu walijaa sakafuni. Mama alikaa kwenye kiti chake. Binti alisimama mlangoni, tayari kutoroka. Niliamini kwamba wakicheka pamoja mara moja tu, mambo yatanyooka.

Nilichagua katuni kutoka kwa flashi niliyotoka nayo Doha. Kondoo mdogo anaachwa nyuma kwenye theluji, mkesha wa Krismasi, na mbwa mvivu anatumwa kumtafuta. Ni nani Kajiado asingeielewa hadithi hiyo? Picha ikawaka, watoto wakapiga makofi. Kisha mbwa akafungua mdomo na kuongea Kiarabu.

Lugha hiyo ilikuwa imekaa masikioni mwangu miaka mingi kiasi kwamba, nilipoijaribu filamu Kitengela, sikugundua. Nikabonyeza huku na kule. Lugha nyingine haikuwepo.

"Anko, huyu mbwa ametoka wapi?" mpwa wangu mkubwa akauliza.

"Tulieni. Kiarabu nakijua. Nitawatafsiria kama wale madijei wa sinema za mtaani."

Kiarabu changu ni cha kazini, na panapohusu ngazi, nyaya na mshahara hakuna wa kunishinda. Mbwa alisema maneno mengi sana. Nikawaambia, "Anasema anakuja." Mbwa akasema mengine zaidi, akalia machozi. "Anasema bado anakuja."

"Anko, mbwa anaongea gunia, wewe unatupatia kikombe. Zingine umekula?"

Chumba kizima kikacheka, nami nikacheka. Ila kuna kicheko kilichotangulia vyote, kutoka mlangoni. Binti alikuwa akimcheka mbwa, si mimi. Shuleni Doha walimfundisha Kiarabu tangu chekechea.

Mama akageuka. Kiswahili chake alikiokota soko la mifugo, na hukitumia kama fimbo. "Wewe. Unasikia huyu mbwa?"

Binti akatikisa kichwa kukubali.

"Kuja hapa uniambie. Baba yako anatudanganya."

Binti alinitazama, akatazama nje kwenye gari, kisha akapenya katikati ya binamu zake hadi kwenye kiti cha mama. "Mbwa anasema miguu inamuuma. Hajui kondoo alienda wapi."

"Hajui? Na ni kazi yake?" Mama akawageukia wajukuu, akayarudia kwa Kimaasai, ila kwake yalichukua muda mrefu zaidi. Mbwa alitukanwa, mwenye kondoo akaulizwa ni wa ukoo gani, watoto wakagaagaa sakafuni.

"Koko, hajasema hivyo!"

"Angesema. Endelea. Sasa analia nini?"

"Alama za kondoo zimefunikwa na theluji."

"Hiyo ni nini?"

"Ni kama ile nyeupe ya juu ya Kilimanjaro, lakini inaanguka kwa boma."

"Na mtu akaacha kondoo nje! Huyo asipewe bibi."

Kondoo alipopatikana, binti alikuwa amekaa kwenye mkono wa kiti, amemwegemea koko wake, na wote wawili wanamfokea mbwa atembee haraka. Walitaka irudiwe. Mara ya pili binti naye aliongeza maneno ambayo hakuna Mwarabu aliyewahi kuyasema, na mama akayatafsiri yote bila kupunguza hata moja.

Asubuhi nilipiga honi hadi nikachoka. Binti alitokea zizini akiwa na mama, viatu vimejaa samadi.

"Baba, nyinyi tangulieni."

"Mtamchukua shule ikifungua," mama akasema. "Na hiyo mashine yako iache. Tuna kazi nayo."

Tulishika barabara ya Namanga viti vya nyuma vikiwa vitupu. Mke wangu alicheka Kiarabu changu hadi Isinya. Nilimwacha acheke, kisha nikamtaka aniambie kwa haki: flashi iliyowapatanisha hao wawili ilinunuliwa na nani?