Mayai ya Jogoo Kishingo

Jogoo wangu kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, aliliwa na nguchiro hapa Burat. Jua likiwaka kuku wengine wanahema kivulini, yeye alikuwa anaparua tu. Mbegu yake ilibaki kwenye mayai ya tetea mmoja, na huyo tetea akaingiwa na viroboto, akakimbia kiota.

"Mama, tupa hayo. Yameharibika," mke wa mwanangu akasema.

"Wewe umeona ndani? Nikitupa haya, kishingo wameisha kwangu."

Nikatia maji ya vuguvugu kwenye karai, nikayaweka polepole nione kama bado yana uhai. Yakatulia. Mke wa mwanangu akaanza kucheka, nikamwambia afunge mdomo. Ndipo yai moja likatikisika lenyewe, halafu lingine, kama mtu anayejigeuza kitandani. Nikayapangusa, nikayaingiza chini ya kuku mwingine aliyekuwa akiatamia.

Siku ya kuanguliwa, mke wa mwanangu ndiye alitangulia kuchungulia kiotani.

"Mama, kuja uone! Huyu amezaliwa bila sweta!"

Nikamshika kifaranga. Shingo ilikuwa tupu, nyekundu, na kelele yake ilizidi mwili wake. Kama ni jogoo sijui bado. Nitamlea nione.