Nilisema Nimeona

Mwanangu, kabla sijakuambia lolote, naligawa neno langu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni nililoliona kwa macho haya, nikiwa nimesimama kwa miguu hii. Fungu la pili ni nililolisikia tu. Nikilitaja hilo nitakuambia kwamba nimelisikia, na sitalivika nguo ya lile la kwanza. Ukiniona nimeyachanganya, iweke karatasi hii chini uendelee na shughuli zako, kwani hutakuwa umepoteza kitu.

Kilichonisukuma kuandika ni jambo la juzi, hapa nyumbani kwangu Kinanira. Mjukuu wangu Zaina, ambaye yuko mwaka wa pili chuoni, alikuja kunisalimu akiwa amenuna. Nikamuuliza kulikoni.

"Babu, ile tamasha ya wanafunzi, ile ya ng'ambo, nilikuwa nataka kupeleka dosiye ya maombi. Sasa bamesema nafasi zimeisha."

"Nani amesema?"

"Iko mu grupu."

"Huyo Grupu ni mtoto wa nani? Anakaa mtaa gani?"

Akacheka. "Babu, na we nawe. Ni watu mia mbili mu simu."

"Katika hao mia mbili, ni yupi aliyefika kwenye ule mlango akauliza?"

Akaitazama simu yake kitambo, kisha akaigeuza kifudifudi mezani. Nami sikumkemea, kwa sababu mtu wa kwanza aliyestahili kukemewa chumbani mle alikuwa mimi. Yeye alikuwa amesikia akasema amesikia. Mimi, nilipokuwa na umri wake, nilifanya baya zaidi.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa Jumatatu, katika majira ya mvua. Nilikuwa mwanafunzi wa sheria, nikiishi Nyakabiga kwa marehemu baba yangu, fundi cherehani. Rafiki yangu wa karibu chuoni alikuwa Melkiori, kijana wa Buterere, mwana wa wakulima wa mpunga. Kwa kuwa nilisoma sheria, aliniita Jaji, nusu kwa heshima na nusu kwa mzaha.

Melkiori alikuwa na kitu ambacho sisi wengine hatukuwa nacho. Alipiga inanga, ile ala ya nyuzi iliyochongwa kama sinia refu la mti, ambayo mpigaji huiimbia kwa kunong'ona. Alifundishwa na babu yake. Nimemsikiliza mara nyingi. Hilo ni la fungu la kwanza. Alipoanza, wanafunzi waliokuwa wakibishana walinyamaza bila kuombwa, maana asiyenyamaza hasikii kitu.

Mwaka ule, kituo cha utamaduni cha nchi moja ya ng'ambo, kilichokuwa katikati ya mji, kilibandika tangazo. Wanafunzi kumi wangepelekwa kwenye tamasha la vyuo vikuu vya mataifa mbalimbali, kila kundi likionyesha sanaa ya kwao. Watakaopelekwa wangesailiwa hukohuko, na atakayefaulu angebaki kusoma. Kwa mtoto wa Kinanira, mtaa wa wenye mali, hiyo ilikuwa safari ya kifahari. Kwa Melkiori ilikuwa njia pekee ya kumaliza masomo, kwa maana nyumbani kwao walikuwa wameanza kumwambia waziwazi kwamba mashamba yanahitaji mikono. Aliandaa dosiye yake yote. Alibakiza kujua tarehe ya mwisho tu.

Ndipo mvua ikaja. Maji yakaingia Buterere, kama yanavyoingia hadi leo. Melkiori alinikuta chuoni asubuhi ile ya Jumatatu, suruali imelowa mpaka mapajani.

"Jaji, we uko karibu na mji. Enda usome ile karatasi, uniletee tarehe. Mi siwezi kumuacha mama mu maji."

"Naenda leo hii."

"Usome yote. Mpaka chini kwenye muhuri."

"Kwani mimi sijui kusoma?"

"Unajua kusoma. Haujui kutembea mu mvua."

Tukacheka, akarudi kwao. Nami nikatoka, kwa nia njema kabisa. Nataka uelewe hilo, mwanangu: waovu wachache huanza na nia mbaya. Nilipofika Nyakabiga mvua ikazidi, nikaingia katika duka dogo ambamo wanafunzi walikunywa chai. Humo alikuwamo kijana mmoja aliyevaa viatu vya ngozi, mtu wa kujua kila kitu kabla ya wengine. Nikataja ninakokwenda.

"Unajisumbua bure," akasema. "Orodha imefungwa zamani. Bameshaweka majina ya watoto ya bakubwa."

Mwenzake akamuuliza, "Nani alikuambia?"

"Mji wote unajua. We tu ndiye unalala."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nawaheshimu wahenga katika mengi, lakini kwa neno hili nawapinga, na nina sababu. Lililosemwa dukani mle halikuwapo, wala halikuwa njiani. Tuliliamini kwa sababu lilifanana na uchungu tuliokuwa nao tayari: sisi watoto wa mafundi na wakulima tulikuwa tumekwisha kujiambia kwamba milango ile si yetu. Uvumi unaomkuta mtu na uchungu wake hauhitaji shahidi. Nikaagiza kikombe cha pili.

Sikwenda kituoni. Huo ni ukweli wa kwanza.

Jumanne nikaenda Buterere. Melkiori alikuwa mlangoni kwao, maji magotini, akipanga magunia ya udongo. Mama yake aliponiona alinitolea kiti, akakiweka mahali palipoinuka ili miguu yangu isilowe. Melkiori akajinyoosha, akafuta mikono.

"Umeona, Jaji?"

Mwanangu, jibu la haki lilikuwa fupi: sikufika, nimesikia tu. Lakini kulisema kungemaanisha kukiri kwamba yeye alikuwa amesimama majini wakati mimi nimekaa nikinywa chai. Niliona haya. Kwa kuikwepa aibu ya dakika moja, nikasema, "Nimeona. Imefungwa."

Akaokota gunia lake. "Sawa. Basi nitapigia vyura ya Buterere. Bo hawaombi viza."

Wangapi leo wangeniamini hivyo, bila swali la pili? Lakini lazima nikueleze desturi ya nyumba ile. Kwao, mtu uliyemtuma hafuatwi nyuma. Ukimtuma mwenzako akakuletea jibu, kisha ukaenda mwenyewe kuhakikisha, umemwita mwongo mbele ya watu, hata kama hukufungua kinywa. Babu yake alikuwa mshingantahe, mmoja wa wale wazee wanaoaminiwa kuamua kesi za majirani, naye aliwalea wote katika sheria hiyo. Kwa hiyo neno langu halikumkatisha tamaa tu. Lilimfungia njia. Kama angekuwa mtu wa heshima pungufu, angekwenda kujionea, na angeokoka.

Baada ya majuma matatu orodha ilibandikwa ukutani chuoni. Niliisoma mwenyewe. Majina yalikuwa tisa. Mstari wa kumi ulikuwa wa mpiga ala ya jadi, na mbele yake palikuwa na maneno kwamba nafasi hiyo haikupata mwombaji. Msichana mmoja kati ya wale tisa alikuwa jirani yao akina Melkiori. Akawasimulia kwamba yeye alipeleka dosiye yake siku ya mwisho kabisa, Ijumaa ya juma lile la mafuriko.

Melkiori hakuniuliza kitu. Aliyeniita ni babu yake, ambaye sote tulimwita Sogokuru, kama Warundi wamwitavyo babu.

Nilikwenda Jumamosi mchana. Ukuta wa nyumba ulikuwa na mstari wa tope, ukionyesha maji yalikofika. Mzee alikuwa amekaa barazani, na Melkiori alikuwa pembeni, amepindua baiskeli yake, akishughulika na mnyororo. Mzee alisema Kirundi. Nakuwekea maneno yake kwa Kiswahili, na maana yake naishuhudia.

"Ulisimama mbele ya ile karatasi?"

"Sogokuru, niliambiwa kwamba..."

"Sikukuuliza uliambiwa nini. Miguu yako ilisimama wapi?"

"Dukani. Nyakabiga."

"Ulikuwa unafanya nini dukani?"

"Nilikuwa nakunywa chai."

"Ilikuwa na sukari?"

Nilidhani anatania. Nikamtazama, hakuwa anatania. "Ndiyo, Sogokuru."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu. "Maji yaliingia humu yakachukua mpunga wetu. Lakini maji hayakutudanganya. Tuliyaona yanakuja, tukapata nafasi ya kumbeba mama mtu na godoro lake. Wewe ulikuja na miguu mikavu, tukakupa kiti. Unasomea kuhukumu watu. Siku moja mtu ataletwa mbele yako amefungwa, na shahidi atasema ameona. Utamjuaje shahidi huyo, ilhali hukujijua mwenyewe?"

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, dole hupona.

Kisha akaniuliza swali la mwisho. "Je, kuna jingine uliloliona katika jambo hili?"

Nikasema, "Hakuna, Sogokuru."

Akaniruhusu niondoke. Nilipompita Melkiori nilisimama, nikamwomba radhi. Hakuinua macho kutoka kwenye mnyororo. "Si kitu, Jaji," akasema. "Enda, mvua inakuja." Hakuwahi kuniita Jaji tena baada ya siku ile, aliniita kwa jina langu, kama mtu anavyomwita karani wa ofisi.

Muhula uliofuata kiti chake darasani kwao kilikuwa kitupu. Hilo nililiona. Yaliyobaki ni ya fungu la pili. Nimesikia kwamba alivuka mpaka akaenda Uvira kufanya biashara ya mpunga. Nimesikia kwamba alikufa katika ile miaka mibaya ya vita. Mtu mmoja aliniapia kwamba alimsikia redioni akipiga inanga, katika kipindi cha nchi nyingine. Nimekaa na habari hizo tatu miaka mingi, na nakiri kwamba ile ya tatu naipenda. Lakini kuipenda hakuifanyi kuwa kweli, na sitaibeba mpaka kwako.

Sasa sikiliza ninachokuagiza, kwa kuwa wakati wenu una milango mingi kuliko wetu. Kila wiki mnaletewa habari za tamasha huku, masomo kule, nchi ambazo sisi tulizijua kwa ramani tu. Habari hizo zinakuja kwa simu, na simu haina miguu. Haijasimama mbele ya mlango wowote. Usikubali kufungiwa njia na mtu asiyefika. Mwenzako akikuambia nafasi zimeisha, muulize alisimama wapi alipoliona hilo, na akikasirika mwache akasirike. Ile desturi ya kutomfuata nyuma uliyemtuma ilikuwa nzuri kwa watu waliokuwa wakisema kweli. Mimi niliivunja kutoka ndani, na sioni kama imesalia mtu wa kuiegemea. Nenda mwenyewe. Soma mpaka kwenye muhuri. Wakikukataa, wakukatae wao wenyewe, uso kwa uso, si kijana wa viatu vya ngozi dukani.

Na wewe ukitumwa, uogope neno "nimeona" kama unavyoogopa kiapo. Ukiwa umesikia, sema umesikia; aibu yake ni ndogo, na inaisha kabla chai haijapoa.

Lakini lililo kubwa kuliko hayo ni hili. Ukishasema uongo, usidhani kwamba jambo limekwisha. Kuna muda, pengine siku moja, pengine saa moja, ambapo mlango bado uko wazi na neno moja lako linaweza kumrudisha mwenzako. Muda huo ndio utakaokuhukumu, kuliko ule uongo wenyewe. Uongo wa kwanza unaweza kumtoka mtu kwa haya. Kuunyamazia huku unajua ni kuuchagua.

Mwenyezi Mungu akufungulie milango ya mbali na ya karibu, mwanangu. Akupe miguu ya kuifikia na ulimi usiomfungia mwingine. Akukinge na maji, na akukinge na rafiki wa aina niliyokuwa mimi.

Nimebakiza jambo moja, na ni la fungu la kwanza. Sogokuru aliponiuliza kama kuna jingine nililoliona, nilimdanganya. Alhamisi ya juma lile la mafuriko, siku mbili baada ya kusema nimeona, moyo ulinisumbua nikaenda kituoni, nikalisoma tangazo lote mpaka kwenye muhuri. Mwisho ulikuwa kesho yake, Ijumaa, saa kumi jioni. Nilipokuwa natoka nilimwona Melkiori akija barabarani na baiskeli, nyuma gunia la mpunga ulionusurika, akielekea sokoni. Mbele ya lango alishusha mguu mmoja chini. Aliutazama ule ubao wa matangazo kupitia uzio, kwa mbali, mahali ambapo karatasi inaonekana lakini haisomeki. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo ya lango, hatua kumi hivi kutoka kwake. Alikaa hivyo kitambo, kisha akapandisha mguu akaenda zake, na mimi sikumwita.