Kobe Aliyepakwa Samli

Mbuke alikuwa anachimba udongo wa kukandikia jiko, pembeni ya majaruba ya mpunga yaliyokauka kule Ubaruku, jembe lilipogonga kitu kigumu. Alidhani ni jiwe. Alipoinama kuling'oa, jiwe likatoa kucha.

Ni kobe, tena mzima, kafunikwa tope lililogeuka tofali. Mwanamke mwingine angemfukia akaendelea na jiko lake, lakini Mbuke hakuumbwa hivyo. Tangu binti yao wa mwisho, Regina, aolewe Mgololo, nyumba ilikuwa imebaki na watu wawili waliokwisha kusimuliana kila kitu. Alimfunga kobe kwenye khanga, akamleta nyumbani, akamweka kwenye banda la kuku, pakavu, kwenye pumba laini, na majani ya kabichi mbele yake. Nani asiyejua kwamba kobe anakula majani?

Huyu hakula. Alikunja shingo ubavuni, kichwa akakificha chini ya gamba kwa upande, akakaa hivyo kutwa nzima. Kesho yake vilevile, na kabichi ikanyauka.

Mumewe, Nkuba, akaitwa kutoa uamuzi. Nkuba alichunga tangu utotoni, akaswaga ng'ombe kutoka Usukumani mpaka Usangu, na ingawa siku hizi mifugo iko kwa watoto wa kiume, jicho lake lilibaki lilelile: kiumbe chochote kwake ni ng'ombe, tofauti ni ukubwa tu. Alichuchumaa, akatazama kwa makini, akatangaza kwamba mnyama ameanguka na shingo imeteguka. Akaomba samli.

Mbuke alimpa, ingawa ilikuwa samli ya wageni. Nkuba akaanza kukanda polepole, akimbembeleza mgonjwa kwa Kisukuma kama ndama. Kobe alivumilia, alivumilia, mpaka shingo ilipovutwa inyooshwe. Hapo akamwachia mganga wake maji yenye harufu isiyoelezeka, yote kwenye koti la kuendea mikutanoni. Mbuke alicheka mpaka akakaa kwenye pumba. Hakuwa amecheka hivyo tangu harusi ya Regina.

Kicheko kilipoisha, hofu ikabaki. Kobe alizidi kuwa mwepesi mkononi na macho yakaanza kudidimia. Jirani yao Tumpe alishauri atupwe mapema kabla hajaanza kunuka zaidi, na Mbuke akamnunia. Kilichomuuma ni kwamba kobe alikuwa amejilalia zake ardhini salama, na ni jembe lake lililomtoa. Akifa, atakuwa amemuua yeye.

Aliona angalau amwoshe, maana samli ilikuwa imenasa pumba mwili mzima. Kiangazi kile maji yalitoka mbali, hakuna aliyeyamwaga ovyo, kwa hiyo alimtumbukiza kwenye beseni alimotoka kuoshea dagaa. Kobe akazama. Mbuke alikuwa anafikicha gamba shingo ilipotoka, ndefu, imenyooka kabisa, ikaenda kudaka kichwa cha dagaa kilichobaki chini. Kisha kingine.

"Baba Regina, njoo," aliita taratibu, akiogopa kumshtua. "Shingo imenyooka."

Nkuba akaja, akatazama, akasema samli imefanya kazi. Mpaka leo ndivyo anavyosema.

Mbuke yeye alikuwa ameshaelewa. Huyu alikuwa kobe wa maji, hali chakula mpaka awe ndani ya maji, na kukunja shingo kwa upande ndiyo tabia yake. Akamhamishia kwenye karai la kubebea zege, akalijaza maji. Siku moja alilisugua kwa sabuni asilisuuze vizuri, macho ya kobe yakavimba, naye akajifunza. Akaweka jiwe katikati baada ya kuona anahangaika kupanda ukingoni saa za jua. Alimchimbulia minyoo nyuma ya bafu. Nkuba naye akipita buchani alirudi na vipande vya maini, akidai ni vya mbwa. Chakula cha jioni kikarudi kuwa na mazungumzo: amekula nini, ameota jua, amemtazama nani. Walikuwa na furaha, na walilijua hilo.

Mvua ziliponyesha mifereji ikafunguliwa, na harufu ya maji mapya ikaingia mpaka uani. Kobe akaacha kula. Akawa anakwaruza karai kutwa kucha, anapanda na kuanguka, mpaka kucha zikatoka damu.

Nkuba alikwenda sokoni akarudi na wavu wa waya. Alikuwa ameshapima, ameshakata vigingi; angemjengea zizi dogo zuri, la kivuli. Mbuke alizitazama zile kucha, akamtazama mumewe. Naye Mbuke alitaka kobe abaki, pengine kuliko mumewe.

"Baba Regina," alisema, "huyu si ng'ombe."

Nkuba akauweka waya chini, akambeba kobe mwenyewe mpaka mfereji mkubwa, mkewe nyuma yake. Akamshusha ukingoni. Kobe hakusita wala kugeuka. Aliingia majini, maji yakamfunika, mfereji ukaendelea kwenda zake mashambani.

Mbuke akasema twende. Nkuba alibaki palepale akitazama maji. Kisha akaweka vidole mdomoni, akapiga mluzi ule wa kuwaita ng'ombe jioni, mara moja, akasubiri.

Mbuke hakumcheka. Alisubiri naye.