Miji Iliyolala Ndani ya Kasiki

Lucius Tolliver hakuwa jasusi. Hakufukuzwa kazi, hakukamatwa, wala hakupokea sanduku la fedha za Warusi mbele ya lango la serikali siku ya kuapishwa kwa rais. Maneno hayo yamezunguka makanisa ya kaskazini-mashariki mwa Washington kwa muda mrefu, hata wajukuu wa walioyatunga sasa wanayasimulia kama historia. Basi na yasimuliwe yalivyokuwa, kisha kila mtu arudi kwenye shughuli zake.

Alizaliwa Carolina Kusini, katika nyumba ya mbao iliyozungukwa na tumbaku. Baada ya jeshi alikuja Washington kwa treni, na suti moja aliyoipiga pasi mwenyewe. Akapata kazi katika ofisi mojawapo ya usalama wa taifa, jengo lisilo na kibao mlangoni. Kazi yake ilikuwa kutunza chumba kimoja. Humo wakubwa walikutana kila asubuhi kuamua mambo ya nchi za watu, na ukutani zilining'inia saa tano. Chini ya kila saa palikuwa na kibao cha shaba chenye jina la mji, ili anayetaka kupiga simu ajue kama kule watu wamelala au wanakunywa kahawa.

Marais walikuja na kuondoka, na kila alipoingia mpya, vibao vilibadilishwa. Mji uliowanyima wakubwa usingizi jana ulishushwa, ukapandishwa mwingine. Aliyepanda ngazi na bisibisi ni Lucius. Vile vya zamani aliambiwa avitupe. Hakuvitupa.

"Mji ukishushwa ukutani," alimwambia mkewe, "watu wake hawaachi kuamka."

Mkewe, Leontine, alikuwa mhitimu wa chuo kikuu, mjukuu wa mchungaji, mwalimu wa jiografia aliyewafundisha nusu ya watoto wa mtaa wao wa Brookland mahali mito inapoanzia. Lucius alimwita Mwalimu hata mezani. Yaliyosemwa ndani ya chumba kile hakumwambia, hata neno moja, kwa kuwa alikuwa ameapa. Lakini alikuwa na mchezo wake. Ameketi kibarazani na bilauri ya chai ya barafu, macho yakielea juu ya ua wa jirani, alikuwa akisema:

"Mwalimu, Managua wakati huu kunanyesha?"

"Mwezi huu? Asubuhi joto. Jioni mvua ya kuvunja matawi."

"Na Tehran?"

"Theluji iko milimani. Mjini barabara kavu."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa salamu za nduguze. Leontine hakuuliza sababu. Alijua tu kwamba katika mji huo, siku hiyo, kulikuwa na jambo, na mumewe alikuwa ameketi nalo pale kibarazani, amelifumba mdomoni kama kipande cha barafu kisichoyeyuka.

Sasa siku yenyewe. Rais mmoja alikuwa anatoka na mwingine anaingia. Ni yupi na yupi, hakubadilishi kitu. Katika majengo yale ipo desturi. Asubuhi ya mwisho, kabla ya saa sita mchana, kila kasiki, yaani yale makabati ya chuma ya kuwekea siri, huachwa tupu na droo zimevutwa nje, ili wanaoingia waone kwamba waliotoka hawakuficha kitu. Picha hushushwa, kuta zikabaki na misumari. Simu huita na hakuna wa kupokea. Lucius alipenda kusema kwamba kwa muda ule mfupi nchi nzima huwa kama mtu anayegeuka usingizini: ubavu huu ameuacha, ule hajaufikia.

Asubuhi hiyo alitoa kila kitu, akavuta droo zote. Vibao vyake vya zamani alikuwa amevichongea sanduku la mbao, kila kimoja na mfuo wake. Akaliweka sanduku kwenye droo ya chini ya kasiki moja ili alichukue wakati wa kutoka. Halafu akasimama mbele ya zile saa tano. Chini yake hapakuwa na jina hata moja. Zilitembea tu, bila kujua ni za wapi. Akazisikiliza mpaka akasahau alichokuwa anafanya. Akavaa koti. Na mkono wake, ambao miaka yote ulizoea kusukuma droo, kuzungusha gurudumu la kufuli na kuvuta mpini kuhakikisha, ukafanya yaleyale bila kumwuliza mwenyewe. Akaenda nyumbani.

Leontine alikuwa anakaanga samaki, kunde zinachemka, televisheni imewashwa. Rais mpya alikwisha kuapa. Simu ikalia.

"Mzee Tolliver? Naitwa Whitcombe, wa upande mpya." Sauti ilikuwa ya kijana, na kubwa, Leontine aliisikia kutoka jikoni. "Huku kasiki zote ziko wazi isipokuwa moja. Watu wameanza kutazamana."

Lucius aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza kama wa mtu mwingine.

"Nimeifunga mimi. Ni mazoea tu, bwana."

"Sawa. Nitajie namba ya kufungulia."

"Kwenye simu? Hapana."

"Mzee, unajua unazungumza na nani?"

"Sijui. Ndiyo maana."

"Unajua nitakavyoeleza huku? Nitasema mtu wa zamani amefunga kasiki na amekataa kuifungua."

"Sema hivyo. Nami niko njiani."

Leontine alitokea na mwiko mkononi. "Lucius, mle mna nini?"

"Mna miji yangu. Siri hamna."

"Basi wape namba yao, ule samaki wakiwa moto!"

"Mwalimu, nikiitamka leo kwa kuwa hamna kitu, kesho nitaitamka kwa kuwa nimechoka."

"Watakuita msaliti."

"Waniite nikiwa nimesimama mbele yao."

Leontine akazima jiko, akavaa kofia yake ya kanisani. Mke wa Tolliver hakuwa mtu wa kusubiri habari dirishani.

Treni iliwashusha mbali, kwa kuwa barabara zilifungwa kwa ajili ya gwaride. Theluji ilikuwa inaanguka polepole, na ndani yake zilipita bendi za matarumbeta zisizoonekana vizuri, kofia nyekundu, farasi, mabinti wakirusha fimbo juu na kuzidaka. Kila walipofika kizuizi, askari aliwaonyesha njia nyingine, na njia hiyo iliwarudisha kwenye muziki uleule. Leontine aliwaza kwamba huenda watatembea hivyo hadi rais ajaye. Lucius alimshika mkono.

Langoni palikuwa na mlinzi aliyemfahamu, jina lake Hollis. Akasoma orodha yake ya majina, akasoma tena.

"Mzee Lucius, humo kwenye orodha. Ya jana yamefutwa, ya leo hayajafika."

"Hollis, si wewe uliyekula keki ya mke wangu Krismasi?"

"Niliila, na ilikuwa tamu, mama. Lakini humo, mzee."

"Kwa hiyo mimi leo ni nani?"

"Leo wewe ni mwananchi," alisema Hollis, na wote watatu wakacheka, mvuke ukiwatoka vinywani.

Wakasimama hapo. Hatimaye akatoka kijana bila koti, masikio mekundu kwa baridi, amebeba sanduku la mbao. Alikuwa Whitcombe. Fundi alikwisha kuitoboa kasiki, na wenye mamlaka ya kukagua walikwisha kukagua.

"Mzee, umetupotezea mchana wetu wa kwanza." Akafungua sanduku. Kibao cha juu kilisomeka MOSCOW. "Hivi ndivyo ulivyokuwa unalinda?"

"Nililinda namba. Hivi nilisahau."

Whitcombe alivitazama vibao kimoja kimoja, theluji ikivitulia. "Baadhi ya miji hii hata sikujua kwamba tuliwahi kuiangalia," alisema. Akalirudisha sanduku mikononi mwa Lucius, akampa mkono. "Jumatatu uje. Saa zetu hazina majina."

Yakaishia hapo. Lucius alirudi Jumatatu, akafanya kazi mpaka akastaafu, akaagwa kwa keki na makofi.

Lakini ng'ambo ya barabara, akiwa na tarumbeta yake kwapani, alikuwepo Rayford, mpwa wa Shemasi Purvis wa kanisa lao. Aliona lango, aliona mtu wa serikali, aliona sanduku, na macho yake makali yalisoma neno moja. Jumapili iliyofuata kanisa zima lilikuwa limelisoma. Shemasi Purvis akamwendea Lucius, aliyekuwa mkuu wa wakaribishaji, akamwomba apumzike "mpaka mambo yatulie." Lucius akavua glavu zake nyeupe za ukaribishaji, akazikunja, akampa. Kuanzia siku hiyo alikaa benchi la nyuma.

"Waambie!" Leontine alimsihi. "Ni sentensi moja tu."

"Nikieleza sanduku, wataniuliza kasiki. Nikieleza kasiki, wataniuliza chumba. Niache na kiapo changu, Mwalimu."

Akamwacha nacho. Leontine alinyamaza mpaka walipomzika Lucius. Lakini kiapo kilikuwa cha Lucius, si chake.

Baada ya maziko watu walikusanyika ukumbini kwa kuku wa kukaanga na pai za viazi vitamu. Ernestine, dada wa marehemu, akamsogelea Leontine.

"Wifi, watu wanasema serikali haikuleta hata shada. Eti inajua sababu."

Leontine alitoka hadi kwenye gari, akarudi na sanduku, akasukuma mabakuli ya saladi na kulifungua katikati ya meza.

"Hizi ndizo fedha za Warusi," alisema. "Pitisheni."

Vibao vikapita mkono hadi mkono: Saigon, Managua, Tehran. Rayford, sasa mtu mwenye kitambi, akaikamata Moscow.

"Kumbe ni kibao."

"Ni kibao, Rayford. Nani alikwambia ni noti?"

Aliwaeleza habari ya saa, ya mkono uliozoea na ya namba ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuambiwa. Shemasi Purvis alitoka akijikongoja, akarudi na zile glavu nyeupe, akaziweka mezani. Leontine hakuzigusa.

Ernestine alikuwa amelichungulia sanduku. "Wifi, mfuo mmoja uko wazi. Kibao chake kiko wapi?"

"Kwangu."

Leontine aliwaza hospitali, dirisha lenye mwanga mweupe, na sauti hafifu ya Lucius ikimwuliza habari za mvua ya mji mmoja, ulioshushwa ukutani zamani. Alikuwa amemjibu kwamba imeanza kunyesha.

"Mji gani?" Ernestine aliuliza. "Jamani, mimi ni damu yake!"

Leontine alivirudisha vibao mahali pake, akafunga kifuniko.

"Sisemi," alijibu. Na hasemi.